Mdai Asimame

Jina langu la pili ni la mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Linapita kwenye kioo cha televisheni mwisho wa kila kipindi cha tamthilia yangu, herufi nyeupe kwenye anga jeusi, na watu wanalisoma bila kushtuka. Nimeliandika kwenye madaftari ya shule, kwenye vyeti, kwenye kitambulisho, na hakuna karani aliyewahi kuinua macho. Jina la baba ni jina la baba. Wangeniuliza alizaliwa lini, hapo ningekwama.

Afadhali nieleze mapema, maana nimeshachoka kueleza nikiwa nimechelewa. Kwetu ni Machochwe, wilaya ya Serengeti, karibu na mpaka wa hifadhi, ambako sisi tunapanda mahindi na tembo wanawahi kuvuna. Bibi yangu alizaa mabinti watupu. Wahenga walisema asiye na mwana na aeleke jiwe. Bibi yangu hakueleka jiwe, alioa. Kwa desturi yetu Wakurya mwanamke wa namna hiyo anaruhusiwa. Alichukua ng'ombe walioletwa mabinti zake walipoolewa, akawapeleka Nyangoto kwa wazazi wa msichana mmoja, akamleta msichana yule nyumbani awe mke wa mwanawe. Mwana mwenyewe hakuwapo. Alipewa jina, akapewa mke, na baadaye akapata watoto. Ndoa hiyo inaitwa nyumba ntobhu, na yule msichana wa Nyangoto ni mama yangu.

Mimi ni wa kwanza. Wadogo zangu walifuata, na pale nyumbani hakuna aliyeuliza tumetoka wapi. Tumetoka kwa baba. Baba alikuwa na kigoda chake kando ya mlango wa bibi, kigoda cha miguu mitatu kilichong'aa kwa kufutwa, na ole wako ukikikalia. Katika nyumba nyingine za namna yetu sijaona kigoda kama hicho, nadhani kilikuwa kitu cha bibi peke yake. Nilikula fimbo mbili tatu kwa ajili yake na sikuona ajabu yoyote. Nani anakalia kiti cha baba yake?

Tamthilia yangu inahusu watu wanaoishi katika nyumba zinazoelea kati ya nyota. Tuliirekodi Dar es Salaam ndani ya ghala moja lenye joto la kuua, na chombo chetu cha anga kilikuwa matangi mawili ya maji ya plastiki yaliyokatwa kwa msumeno na kupakwa rangi ya fedha. Waigizaji walikuwa wakitoka humo wakiwa wamelowa jasho kana kwamba wameogeshwa. Katika nyumba moja ya angani kuna kiti kitupu cha nahodha. Nahodha huyo hajazaliwa na hatazaliwa. Lakini ana mke, ana mtoto, na amri zake zinafuatwa. Likitokea jambo zito, watu wananyamaza mbele ya kile kiti, halafu bibi mmoja mzee anasema, "Amekubali," nao wanageuza chombo.

Watu walikipenda kiti kile kuliko kitu kingine chochote. Waliandika mitandaoni kwamba ni ubunifu ambao haujawahi kuonekana. Wengine walikifananisha na siasa, wengine na dini, na mimi nikawa naitikia tu kama mtu anayesifiwa kwa nguo ya kuazima. Kisha nikawaudhi wote. Katika kipindi cha mwisho wageni wa chombo kingine wanaingia, wanamwona yule mtoto, wanamwuliza, "Baba yako yuko wapi?" Mtoto anafungua mdomo, na picha inakatika. Nilitukanwa hadi nikafunga simu. Walidhani nawarusha roho ili walipie msimu wa pili. Ukweli ni kwamba sikujua mtoto angejibu nini.

Na hapa ndipo mtu ataniona mwongo. Nilipoandika yale yote sikuona kwamba naandika nyumbani. Nilidhani nimebuni. Kitu ulichokulia ndani yake hukioni kama stori, na mimi nilikuwa nimekaa Dar miaka mingi nikisoma habari za sayari na mwanga na jinsi muda unavyopinda. Niliamini kiti kile kimetoka huko.

Basi mwaka jana mtangazaji mmoja wa Nairobi akanipigia. Alikuwa anatengeneza filamu kuhusu watu wa Afrika Mashariki wanaobuni hadithi za kisayansi, na alitaka kunihoji kule nilikokulia. Nilikubali haraka, kwa sababu nilikuwa na hamu ya ugali wa mtama wa nyumbani na mtu mwingine angelipa nauli. Nikampigia mama. Nikamwambia, "Kuna watu wanakuja kunihoji. Watauliza habari za nyumbani, za shule, za baba, mambo hayo hayo."

Mama alinyamaza. Nikadhani mtandao umekata.

"Sawa," akasema hatimaye. "Nitamwambia bibi yako."

Tulikutana Tarime mjini. Wao walikuwa wamevuka mpaka pale Sirari asubuhi ile, mtangazaji na mpiga picha wake. Mtangazaji alikuwa dada mchangamfu kuliko afya yangu inavyoweza kuvumilia saa nne asubuhi. Mpiga picha alikuwa mtu wa maneno machache, na nilimpenda papo hapo. Njiani kuelekea Machochwe dada alinifungia kinasa sauti kifuani, akaanza.

"Sasa niambie. Hiyo stori ya kapteni hajazaliwa, uliitoa wapi? Manake hiyo ni kali. Si kitu mtu anaamka nayo tu."

Nilimjibu kwa habari za muda unaopinda. Baada ya kilometa kadhaa akauliza tena kwa njia nyingine, nikamjibu kwa habari za viongozi wanaotawala bila kuonekana. Akauliza tena, nikasema habari za msiba. Majibu yote yalikuwa na maneno mazuri, na sikuyaamini hata moja. Kila nikimaliza nilikuwa nawaza, mbona najieleza kama mtu aliyekutwa na kuku wa jirani?

"Na buda wako," akasema, "yeye ameiona?"

"Baba hajaiona."

"Pole. Alifariki?"

"Hapana."

"Mko na noma?"

"Hapana, hatuna ugomvi."

Alinitazama kwa huruma ya kazi, ile ya mtu anayeona mlango umefungwa na funguo anazo. Nilitaka kumweleza. Kwa kweli nilitaka. Nikasema, "Baba yangu hakuzaliwa."

Dada alicheka mpaka akanipiga kofi gotini. "Wewe! Bado uko ndani ya stori!" akasema, na mpiga picha, aliyekuwa anaendesha, naye akatabasamu kwenye kioo cha gari. Nikacheka pamoja nao. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimesikia nyumbani kwetu na tamthilia yangu vikitoka katika sentensi moja.

Tulipofika nyumbani uwanja ulikuwa umejaa. Wazee wa ukoo wamekaa kwenye viti vilivyoazimwa kanisani, wanawake wako upande wa jikoni, sufuria kubwa ya uji wa wimbi inafuka. Bibi alikuwa amevaa kitenge chake cha zambarau, kile anachokitoa kwa harusi na misiba tu. Nikasema moyoni, lo, wamenipokea kama mbunge. Dada mtangazaji alishika mashavu.

"Woi! Ati mmetufanyia hivi vyote?"

Tuliwaamkia wazee mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, nao waliitikia bila utani, jambo ambalo lingenifungua macho kama ningekuwa na akili. Mpiga picha alikuwa ameshatazama mwanga. Akaniita kwa kidole, akanionyesha kando ya mlango wa bibi. "Kaa hapo kwa kigoda. Hapo uko sawa kabisa."

"Hapana, siwezi kukaa hapo."

"Kuna mwenyewe?"

"Ni cha baba."

Dada aligeuka kama ameitwa. "Kwani yuko? Ako wapi tumwombe?"

Nikakaa chini kwenye vumbi, nikakunja miguu. Mpiga picha alishusha kamera yake usawa wangu bila kuuliza zaidi.

Hapo akasimama mzee mmoja, shemeji yake bibi, ambaye katika ujana wake ndiye aliyewaswaga wale ng'ombe hadi Nyangoto. Aliegemea fimbo yake, akatazama watu, akasema kwa Kiswahili ili wageni wasikie: "Tumekusanyika. Mdai asimame."

Maneno hayo nayajua. Ndiyo yanayofungua ritongo, mkutano wetu wa kuamua mashauri. Nikachanganyikiwa. Nani anashtakiwa? Nilifikiri mpaka wa shamba, nikafikiri labda mmoja wa wadogo zangu ameharibu binti wa watu, na sisi tumeingia na kamera katikati ya kesi. Nikainama kumwambia dada kwamba kuna shauri kidogo, tuwe wavumilivu. Lakini yeye alikuwa ameshaona mzee anamtazama na ameshasikia neno asimame. Akasimama. Alinyoosha suruali yake, akatabasamu, kipaza sauti mkononi.

"Ni mimi," akasema. "Asanteni sana."

Uwanja mzima ulivuta pumzi.

"Unamdai kwa niaba ya nani?" mzee akauliza.

Nilimvuta shati. Akadhani naona aibu. Nadhani aliamini ni namna yetu ya kukaribisha wageni, kama vile wengine wanavyocheza ngoma. "Kwa niaba ya watazamaji, mzee wangu. Wako wengi sana, Kenya na Tanzania."

Wazee walinong'onezana. Kisha shemeji yake bibi akakohoa. "Watazamaji hawakutoa ng'ombe," akasema.

Kuna watu walicheka upande wa jikoni. Bibi hakucheka. Alisimama taratibu, mkono mmoja juu ya goti, akaanza kusema kwa Kikurya, na mimi kwa mazoea nikawa namtafsiria dada pale pale, sentensi kwa sentensi. Ndivyo nilivyoyasikia, yakitoka kinywani mwangu mwenyewe.

"Huyu ni mtoto wa nyumba yangu. Ng'ombe walitoka kwa mabinti zangu, wakaenda Nyangoto mchana, watu wakiona. Aliyewaswaga yuko hapa, hajafa. Mwanangu alioa. Mke wa mwanangu yuko pale jikoni. Mtoto alipewa jina la mwanangu siku ya kwanza, nami nilimshika nikamwita. Kama kuna mtu kule kijijini Busawe anasema ana mtoto hapa, aseme ng'ombe wake alimpa nani."

Nilikoma kutafsiri. "Busawe kuna nini?" nikauliza. Nilimwuliza bibi, nikamwuliza mzee, nikawauliza wote. Watu walitazama miguu yao. Nilipomgeukia dada, tabasamu lilikuwa limemtoka.

"Amejuaje?" akanong'ona.

Basi ikajulikana. Wiki kadhaa kabla ya safari walikuwa wamemtuma mtu wao kupeleleza historia yangu. Mtu huyo alizunguka akitafuta mwenye jina la baba yangu, na bila shaka hakumpata. Mnadani, penye ng'ombe na pombe, mtu mmoja akamcheka, akamwambia, huyo unayemtafuta kwa jina hutampata, nenda Busawe ukamtafute kwa masikio. Akaenda. Akampata. Akamrekodi. Dada alikuwa ameiweka video hiyo kwenye simu yake anionyeshe mbele ya kamera, ili uso wangu ushikwe ukiwa mbichi.

"Ilikuwa surprise," akasema, machozi yakimlengalenga. "Nilidhani mlipotezana. Nilidhani nakuletea zawadi."

Habari zilimfikia bibi kupitia mnada ule ule, kabla hazijanifikia mimi. Mama alipomwambia kwamba wageni watauliza habari za baba, bibi akaona mambo yote yamekamilika. Asidhani mtu bibi hajui televisheni. Tamthilia yangu ameitazama yote dukani kwa jirani mwenye sola, na kuna mahali alisema waigizaji wangu hawajui kukamua ng'ombe. Anajua kabisa mahojiano ni nini. Ila kwake yeye neno lililosemwa mbele ya macho ya watu limeshakuwa ushahidi, na macho mengi kuliko ya televisheni hajayaona. Mtu akisema mbele ya macho hayo yote kwamba yeye ndiye baba, na mtoto akiitikia, nyumba ya bibi imebaki na nini? Hakuna mwana, na sasa hakuna hata mjukuu. Wazee aliwaita ili hilo lisitokee bila mashahidi wake.

"Kitanda hakizai haramu," yule mzee akaongeza, akiitazama kamera moja kwa moja.

Nilikasirika sana. Nilimkasirikia dada kwa kuchimba kaburi lisilo na mtu. Nilimkasirikia bibi kwa kunifanya ndama wa kesi katika umri wangu huu. Nilimkasirikia mama kwa ule ukimya nilioudhania mtandao. Na nilimkasirikia mtu wa Busawe, ambaye mpaka dakika ile hakuwa amenifanya lolote, labda kwa sababu hiyo hiyo. Hasira ilizunguka uwanja ikitafuta mahali pa kukaa, na kila aliyekuwepo alikuwa na sababu nzuri.

Bibi akanyoosha mkono. "Nionyeshe."

Dada alinitazama. Nikatikisa kichwa kukubali, na hadi leo sijui kwa nini nilikubali. Simu ikawekwa mkononi mwa bibi, wazee wakainama, nami nikachungulia juu ya bega lake.

Alikuwa mzee mwembamba mwenye shati safi lililokunjwa mikono, amesimama mbele ya shamba la mihogo. Masikio yake yamesimama kama milango miwili iliyoachwa wazi. Masikio hayo nayajua. Dar wapambaji wananifunikia kwa nywele kila ninapopigwa picha. "Mimi sidai kitu," alisema. "Taratibu nazijua. Mtoto ni wa Machochwe. Ila nimemwona kwenye televisheni, nikafurahi. Kama akipita huku siku moja, aniamkie tu. Basi."

Bibi akataka irudiwe. Ikarudiwa. Akairudisha simu.

"Masikio ni yake," akasema kwa sauti, mbele ya mashahidi wake wote.

Sikutegemea aseme hivyo. Hakuna aliyetegemea. Kisha akanigeukia, akaniambia nisimame. Katika ritongo mtoto husemewa, hasemi, na mzee mmoja alianza kunung'unika, lakini bibi alimnyamazisha kwa mkono.

"Huyu amezoea kusema mbele ya watu. Aseme." Akanikazia macho. "Baba yako yuko wapi?"

Lilikuwa swali langu mwenyewe, neno kwa neno. Sikujua kama amelichukua kwenye tamthilia au kama mimi ndiye niliyelichukua kwake zamani, siku nisiyoikumbuka. Nilifungua mdomo. Taa nyekundu ya kamera ilikuwa inawaka, na nilimwonea huruma yule mtoto wangu wa angani ambaye nilimwacha amesimama hivyo hivyo.

Nikisema Busawe, bibi yangu, na kitenge chake cha zambarau, anabaki ameeleka jiwe. Nikisema sina baba, ninamwua aliyenipa jina, aliyenilipia ada kwa mbuzi walioitwa wa kwake, ambaye kila Krismasi bibi alimwekea nyama kwanza. Na nikimkana mzee wa mihogo, ninamkana mtu aliyeomba salamu. Nikatazama kigoda.

"Yupo hapa," nikasema. "Mimi ni wa nyumba hii." Nikaionyesha simu mkononi mwa dada. "Na huyu wa kwenye simu, nataka kumwamkia."

Kuku alipita katikati ya wazee akidonoa, na hakuna aliyemfukuza. Bibi alikaa chini kwanza ndipo akajibu.

"Mwamkie. Ni mtu mzima, na mtu mzima huamkiwa. Lakini usimwite."

Neno nisilotakiwa kumwita hakuna aliyelitaja. Yule mzee akagonga fimbo, akasema shauri limekwisha na uji unapoa. Watu wakaanza kucheka na kusukumana kuelekea sufuria, mashahidi wakageuka wageni, na katikati ya uwanja dada mtangazaji alikuwa bado amesimama, maana hakuna aliyemwambia mdai kwamba anaweza kukaa.

"Nikae sasa?" akaniuliza. Nikamvuta mkono.

Jioni nilikaa na mama jikoni, tukimenya viazi. Jiko letu ni la matofali ya kuchoma, limejengwa kabla sijazaliwa, na moshi umelifanya jeusi hadi juu.

"Hakuna aliyeniuliza mimi," akasema.

Nikaacha kumenya. Ni kweli. Wazee hawakumwuliza, dada hakumwuliza, mimi sikumwuliza. Hata kwenye tamthilia, mke wa nahodha ana maneno machache mno, na mwigizaji wake aliwahi kulalamika.

"Nakuuliza sasa," nikamwambia.

"Alikuja kiangazi kimoja kufyatua tofali za jiko hili. Alikuwa mtu wa utani. Bibi yako alimjua, alikubali. Tofali zilipotosha akaenda zake." Akatupa kiazi kwenye maji. "Basi."

"Ulimpenda?"

"Wewe na televisheni yako!" akasema, akacheka, na akaendelea kucheka peke yake kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akapiga ukuta kwa kiganja. "Ukifika mwambie tofali zake bado zimesimama."

Dada alipokuja kuomba kumhoji, mama alikataa. Alimwambia anaweza kupiga picha ukuta.

Kesho yake tulikwenda Busawe, na huko barabarani tuligombana. Niliomba kamera ibaki ndani ya gari. Dada alishika kichwa. "Lakini huo ndio mwisho wetu! Bila huo sina mwisho!" Nikamwambia nimeruhusiwa kuamkia, sijaruhusiwa kuonekana naamkia, na yeye alisimama kama mdai mbele ya ukoo wangu akashindwa kesi, kwa hiyo atulie. Alinuna kama kilometa moja. Halafu akacheka puani, akamwambia mpiga picha afunge begi. Ndiyo maana katika filamu ile Busawe haimo. Inaishia uwanjani kwetu, bibi ananiuliza baba yangu yuko wapi, ninafungua mdomo, picha inakatika. Dada alisema ni heshima kwa kazi yangu. Watazamaji walitutukana sisi wote wawili, na hata leo sijaamua kama nimkasirikie.

Nilitembea peke yangu kutoka barabarani. Alikuwa amesimama uani na shati lile lile, limefuliwa. Hakuja kunilaki, alisubiri palepale, mikono imening'inia, ili salamu itoke kwangu. Masikio yake yalikuwa makubwa kuliko kwenye simu.

"Shikamoo," nikasema.

Hakuitika. Alibaki ananitazama, na nilielewa kwamba anasubiri kuona kama kuna neno lingine linafuata. Neno lilikuwa mdomoni. Lilikuwa fupi, watoto wa miezi minane wanaliweza. Nililizuia kwa meno, na machozi yakapita njia nyingine. Ili nisilitoe nikasema haraka, "Mama anasema tofali zako bado zimesimama."

Alicheka, akatazama chini. "Hata ile ya dirishani? Niliipinda."

"Hata hiyo."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa kama mtu anayepokea mzigo na kuupima. Kisha akanyoosha mgongo.

"Marahaba," akasema, "marahaba, binti wa," na akalitaja jina la baba yangu, lote, lile la kwenye kioo, akilitamka taratibu kama anayemtaja mtu waliyekunywa naye. "Baba hajambo huko?"

"Hajambo," nikamjibu. "Anakusalimu."